Tonge la Kunguru

Kihara alikuwa na tonge mdomoni binti yake alipomshika mkono. "Baba, tema!"

"Ati niteme? Nimekaribishwa," akasema, wali umejaa shavuni.

Na kweli alidhani amekaribishwa. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za hekalu, mahali mito miwili inapokutana, katika mji wa kusini mwa India ambako bintiye alisomea. Mama mmoja mzee alikuja akaweka tonge la wali wenye ufuta juu ya jani la mgomba, karibu kabisa na goti lake, kisha akarudi nyuma akasimama kutazama. Kwao Nyeri, ukiwekewa chakula na mwenyeji amesimama anakutazama, hungoji kubembelezwa.

"Hicho ni cha marehemu mume wake," binti alinong'ona. "Kunguru akija akala, ndipo anajua mzee wake amepokea. Tangu asubuhi kunguru wamemkatalia."

Kihara akalitazama jani. Lilikuwa tupu. Mzee mzima wa kanisa, kula chakula cha wafu mbele ya mjane! Masikio yake yaliwaka moto.

"Mwambie pole. Mwambie sikujua."

Kabla binti hajafungua mdomo, yule mama alishuka ngazi huku machozi yakimtiririka. Akainama, akaigusa miguu ya Kihara kwa mikono miwili, taratibu, kama mke anayempokea mume kutoka safari ndefu.

Kihara akashindwa kumeza, akashindwa na kutema.