Akisema Linauma

Ufagio ulikokota vipande vya mkate kutoka chini ya kitanda cha mtoto. Vilikuwa vimetafunwa vikatemwa, na kimoja kilikuwa na usaha.

Mama mtu aliduwaa. Tangu daktari wa meno atoe kiini cha gego la utoto la bintiye na kuliziba, kila alipomuuliza, "Jino vipi, mama?" alijibiwa, "Haliumi." Naye akawatambia majirani kwamba kazaa simba.

Hapo akakumbuka maneno ya daktari walipokuwa wakiagana, mtoto kang'ang'ania sketi ya mama yake, bado anatetemeka: "Akisema linauma, mrudishe nimchome sindano tena."

Binti alikuwa uani, amelaza shavu kwenye saruji yenye ubaridi. Tangu jana alikuwa amejitanda mtandio wa mama yake, eti anacheza bibi harusi, na mama alikuwa amecheka.

Aliuvuta ule mtandio. Shavu lilikuwa limevimba hadi jicho limefumba, na lilichoma mkono kama pasi.

"Mwanangu."

Mtoto alirudi kinyumenyume hadi ukutani. Mdomo haukufunguka vizuri.

"Mimi sijasema kitu, mama."