Kibarua cha Nguchiro

Zamani wanyama walipokuwa na shule moja tu, Nguchiro alikuwa mwanafunzi, na kila alfajiri kabla ya masomo alikanda maandazi kwenye mgahawa wa Ngiri. Akifika darasani, anasinzia.

"Wewe!" alifoka Mwalimu Korongo, aliyejivunia kusimama wima kutwa nzima. "Chagua kitabu au maandazi. Ukisinzia tena, nalifuta jina lako."

Nguchiro aliipenda shule. Kesho yake alfajiri akamwendea Ngiri.

"Bosi, naacha kazi."

"Leo hii?" Ngiri aliguna. "Basi kwanza mfundishe huyu niliyemwajiri jana. Unga umemshinda kabisa."

Ndani ya karai la unga alisimama Mwalimu Korongo, donge limemganda mpaka magotini. Wakatazamana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Korongo akashusha sauti. "Hivi wewe unafanyaje usinate?"

"Unapaka mafuta kidogo, mwalimu. Halafu unatoa miguu."

Wakakanda pamoja mpaka jua likatoka, na habari ya kuacha kazi haikutajwa tena. Asubuhi hiyo tangazo likabandikwa mlangoni mwa shule: kwa manufaa ya wanafunzi, masomo yataanza saa nne badala ya saa mbili.