Kisanduku Kitupu

Shindano lilikuwa la kuandika programu fupi kuliko zote, ya kupima kina cha orodha zilizotiwa moja ndani ya nyingine, kama visanduku. Zamoyoni na mumewe, Hemedi, walishiriki kompyuta moja.

"Futa mstari huu wa kisanduku kitupu," Hemedi alisema. "Unatuongezea herufi bure. Kisicho na kitu ndani hakihesabiwi."

Asubuhi alikuwa amesema vivyo hivyo kuhusu chumba walichomwandalia mtoto wao ambaye hakuwahi kuzaliwa, kisha akabandika mlangoni karatasi ya kutafuta mpangaji.

"Kitupu nacho ni kitu," Zamoyoni alijibu, akauacha mstari.

Msimamizi alipowafikia, aliingiza kisanduku kimoja, na ndani yake kingine kisicho na kitu. Programu za meza nyingine, fupi kuliko yao, zilikuwa zimejibu moja. Yao ilijibu mbili. Msimamizi akawawekea tiki.

Walipofika nyumbani Hemedi alitangulia kuingia. Zamoyoni alimkuta mbele ya mlango wa kile chumba, anabandua karatasi kwa ukucha, taratibu, kama anayechelea kumwamsha mtu ndani.