Mtoto wa Bwana Hugo

"Mtoto alikuwa na miaka sita walipomfunga kamba mbele ya lango la ngome ya baba yake," Gentille alisoma.

Alikuwa amesimama sebuleni kwao ughaibuni, Brooklyn Center, akijizoeza kazi atakayoisoma kesho darasani. Nje theluji ya Machi ilikuwa haijaisha. Baba yake, Thaddée, alikuwa amepiga magoti akimkata babu kucha. Mzee Bagalwa, ambaye siku hizi alisahau hata majina yao, alimwachia mkono bila kumwangalia.

Bwana Hugo, Gentille aliendelea, alikuwa mjukuu wa Wanormani waliovuka bahari wakaiteka Uingereza. Alipanda cheo hadi akawa msimamizi wa mazizi ya mfalme. Vita vilipozuka akamwasi mfalme huyo, ingawa alikuwa ameshamtoa mwanawe kwake kuwa dhamana. Mfalme akamleta mtoto langoni: fungua, au huyu afe. Hugo hakufungua.

Gentille alishusha karatasi. "Baba gani huyo?"

"Ndani ya ngome mlikuwa na watu," mzee alisema.

Walimgeukia. Wiki nzima hakuwa amesema zaidi ya maneno mawili.

"Nilikuwa karani wa Mwami, mfalme wetu. Ni mimi niliyejua watu wetu wamejificha bonde gani. Wenye bunduki wakamshika mwanangu. Wakasema, tuonyeshe, ama tunaenda naye. Watu mia mbili, na watoto wachanga. Nikanyamaza. Aliniita mpaka sauti ikapotelea msituni."

Gentille alikaa chini polepole. Hakuna aliyewahi kumsimulia habari hiyo.

"Alikuwa na miaka mingapi, Babu?"

"Saba. Sikupata hata mwili wa kuzika."

Machozi ya mzee yalimdondokea Thaddée mkononi. Hakuyafuta.

"Na yule wa Hugo," mzee aliuliza, "walimuua?"

"Hapana. Mfalme alimhurumia. Aliishi."

"Alimsamehe baba yake?"

Gentille alipekua karatasi zake. "Kitabu hakisemi."

"Alimsamehe," Thaddée alisema. Aliushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Nilirudi kutoka msituni, Baba. Nilikusamehe zamani."

Mzee alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni mwema.

"Asante, ndugu," alisema. "Lakini wewe hukumjua mwanangu."