Benchi la Wateja

Wapagazi walikuwa wameshatoa meza na makabati yote wakili alipoketi, kwa mara ya kwanza tangu afungue ofisi, kwenye benchi la wateja katika chumba kidogo cha mbele.

“Mama, inuka basi walibebe,” mwanawe alimwambia. Naye alikuwa wakili, na mpango wa kuifunga ofisi ulikuwa wake. “Wateja watatupata kwenye simu. Tusipobadilika sasa, makampuni makubwa yatatumeza.”

“Najua, mwanangu.” Alipapasa ukingo wa benchi, uliolainishwa na mikono ya watu wenye hofu. “Kuna mume na mke walikuja kuachana, nikawachelewesha makusudi hapa benchini. Nikawasikia wananong'ona, kisha wanacheka. Nilipofungua mlango, walishakwenda zao.”

“Ndiyo maana hatukutajirika,” kijana alitania, akaketi kando yake. Benchi likalia. Akautazama mlango wa chumba cha mama yake kama wateja walivyoutazama.

Mpagazi alichungulia. “Bosi, tulibebe?”

“Ngoja kwanza.” Kijana akatoa simu, akampigia mwenye nyumba. “Shikamoo, mzee. Hiki chumba kidogo cha mbele,” alisema, akiushika mkono wa mama yake, “kodi yake peke yake ni kiasi gani?”