Mstari wa Nyamizi

Shuleni hapo kiranja mkuu huchaguliwa kwa kupanga mstari. Kila mwanafunzi husimama nyuma ya anayemtaka, na mgombea haruhusiwi kugeuka, asije akamtisha mtu kwa macho. Nyamizi alikuwa bado kasimama hivyo kando ya Lameki, mgombea mwenzake, jua likimpiga utosini, Mwalimu Mbogo alipomaliza kukagua mistari.

"Wa Nyamizi ndio mrefu," mwalimu akatangaza. "Basi Lameki atakuwa kiranja mkuu, Nyamizi atamsaidia. Ndivyo tulivyozoea, mvulana kuongoza. Haya, tawanyikeni!"

"Samahani, mwalimu. Mimi sikugombea usaidizi," Nyamizi akasema. "Siondoki hapa."

"Utabaki peke yako, binti. Kengele ya chakula italia sasa hivi."

Kweli ikalia, na harufu ya makande ikafika mpaka uwanjani. Vishindo vya miguu inayokimbilia jikoni vikamjaa Nyamizi masikioni, asijue ni vya mstari wake au wa Lameki. Hakugeuka.

Vumbi likatulia. Mwalimu Mbogo akainua macho. Yakapita juu ya kichwa cha Nyamizi, yakafuata vichwa vilivyopangana nyuma yake polepole, mbali, mpaka getini, na hayakurudi.