Ncha ya Waya

Helikopta ya jeshi la majini ilikuwa imeshapakwa rangi mpya, imebaki winchi ya mlangoni tu. Raya, fundi wa makumbusho, alimshika mkono Mzee Shaali akampandisha. Miaka thelathini hakuwa ameingia humo. Enzi zake yeye ndiye aliyeishika winchi hiyo, akiwateremsha wenzake baharini kuokoa watu.

"Waya umekatika, mzee," Raya alisema. "Nimeagiza mwingine, ili wageni wa Jumamosi waukute mzima."

Mzee Shaali aliipapasa ncha. Nyuzi zote za chuma zilikuwa zimelingana.

"Waya ukikatika wenyewe hufumuka kama ufagio," alisema. "Huu nimeukata mimi."

Raya akaweka spana chini.

"Ulinasa kwenye mlingoti wa meli iliyokuwa inazama, ikawa inatuvuta. Humu tulikuwa watu tisa. Kule chini kwenye waya alikuwa mwenzetu Faki peke yake, ananipungia mkono. Mpaka leo sijui alikuwa akiniambia nikate au nisikate."

"Mkewe anajua?"

"Kwenye ripoti tuliandika umekatika wenyewe. Jumamosi atakuja, amealikwa."

Raya aliutazama waya mpya pembeni, bado umo ndani ya nailoni yake. "Basi nifunge upi?"

Mzee alikaa mlangoni, miguu ikining'inia nje, akaushika ule waya wa zamani kwa vidole viwili, taratibu, kama walivyofundishwa jeshini kumsikiliza mtu aliye chini kwa mtikisiko wa waya.